Maajabu Yaliyo Mlangoni pa Isiolo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda kaskazini aghalabu huiona Isiolo kuwa ni njia panda tu. Hushuka garini, akanywa chai, akatazama magurudumu, kisha akashika njia ya Marsabit na Moyale. Katika siku za ukoloni mji huu ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu wa nje hakuruhusiwa kuupita mlango huo pasipo cheti cha serikali. Hata baada ya Uhuru wa mwaka 1963, lami ilikoma papo hapo Isiolo kwa miaka mingi. Mbele yake yalikuwa ni mawe na vumbi. Leo lami hiyo yafika mpaka Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Kwa kuwa mlango huo ulifungwa muda mrefu, watu wengi wa kusini wamezoea kudhani kwamba nyuma yake hakuna la kujifunza ila jua kali na mifugo iliyokonda. Dhana hiyo si ya kweli. Watu wa elimu wamechapisha habari za nchi hiyo ambazo zimesomwa kwa mshangao katika pembe nyingi za dunia. Na lililo la kushangaza kuliko yote ni kwamba baadhi ya mambo hayo yalikuwa yakijulikana sana na wachungaji wa ng'ombe na ngamia, ila hapakuwa na mtu aliyewauliza. Yafuatayo ni machache katika mengi, kwa ajili ya msomaji apendaye kuijua nchi yake.

NDEGE AITAYE WATU

Yuko ndege mdogo mwenye rangi ya kijivu na hudhurungi, asiyevutia macho. Chakula akipendacho ni nta ya nyuki pamoja na majana yao. Lakini nyuki wa porini hukaa ndani ya mashimo ya miti, katika miamba na vichuguu, wala ndege huyu hana nguvu ya kuyavunja makao yao, na wakimkasirikia waweza kumwua. Basi hutafuta mwenye shoka na moto, naye ni mwanadamu. Humjia mtu, akapiga kelele mbele yake, akaruka mwendo mfupi, akatua, akaita tena, na hivyo hivyo mpaka amfikishe kwenye asali. Mtu akisha kutwaa asali yake, ndege hula nta iliyobaki.

Habari za ndege huyu si mpya. Padri wa Kireno aitwaye João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba ndege mdogo alikuwa akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa, na kwamba ndege huyo huwaongoza watu kwenye nyuki. Lakini karne nyingi zilipita, na wengine wakaiona habari hiyo kuwa ni hekaya ya wawindaji. Aliyeitia katika mizani ni Mkenya, Bwana Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer. Kwa muda wa miaka mitatu walifuatana na Waborana warinao asali, wakapima saa na hatua, na mwaka 1989 wakatoa matokeo yao katika jarida la sayansi lisomwalo ulimwenguni kote.

Waborana walikuwa wamesema kwamba ndege huwaonyesha mambo matatu: upande iliko asali, umbali wake, na wakati wa kufika. Wataalamu wakapima na kuona kwamba ndivyo. Ndege huelekea upande ule ule ziliko nyuki. Ikiwa asali iko mbali, mara ya kwanza aondokapo hukawia zaidi kabla ya kurudi. Kwa kadiri wanavyokaribia, hutua mahali pa karibu karibu na katika matawi ya chini zaidi. Akisha kufika, hubadili sauti yake, akanyamaza kidogo kati ya mwito na mwito. Mtu atafutaye asali peke yake alihitaji karibu saa tisa kuipata. Aliyeongozwa na ndege alihitaji saa tatu na dakika chache. Na katika kila makao 100 ya nyuki, 96 ndege asingeweza kuyafikia pasipo mtu kuyafungua kwanza.

Waborana nao wana namna ya kumwita ndege. Hupuliza mluzi mkali uitwao fuulido, kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa kombe la konokono, au kwa koma lililotobolewa, na sauti yake yasikika zaidi ya kilomita moja. Mchungaji ajuaye mluzi huo hukutana na ndege mara mbili zaidi ya yule asiyeujua.

Kuna jambo la kuongeza. Ndege huyu hakulelewa na mama yake. Mama hutaga yai katika kiota cha ndege wa jamaa nyingine, akaenda zake. Basi hakuna mzazi wa kumfundisha mtoto kazi ya kuongoza watu. Lakini mwito wa watu hujifunza mwenyewe, kwa kukaa nao. Mwaka 2023 ilichapishwa habari ya majaribio yaliyofanywa Tanzania na Msumbiji. Ndege wa nchi ya Wahadza huitikia mluzi wa Wahadza kuliko mwito wa Wayao, na ndege wa nchi ya Wayao huitikia mwito wa Wayao kuliko ule wa Wahadza. Kila ndege ana lugha ya kwao.

Na hapa pana neno la kutia huzuni. Mahali ambapo watu wameacha kurina asali ya porini, wakanunua sukari dukani, ndege huyu huacha kuwajia. Si mwito wa watu tu unaopotea. Na jibu la ndege hupotea pamoja nao.

NDOVU AMWOGOPAYE NYUKI

Mkulima aliyelala macho akilinda mahindi yake ajua kwamba ndovu hashtuliwi na ua wa miiba. Lakini yako mambo yanayomshinda. Wachungaji walikuwa wakisema kwamba ndovu hali majani ya mti ulio na nyuki. Neno hilo lilijaribiwa Laikipia, na mwaka 2002 Bwana Fritz Vollrath na Bwana Iain Douglas-Hamilton wakaandika kwamba ni kweli: migunga iliyotundikwa mizinga haikuvunjwa kama ile isiyo na mizinga.

Kisha Bibi Lucy King alifanya jaribio katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, hii ya pili ikiwa katika Isiolo yenyewe, ng'ambo ya pili ya mto. Alificha kipaza sauti karibu na ndovu waliokuwa wamepumzika kivulini, akawasikilizisha uvumi wa nyuki waliochokozwa. Hapakuwa na nyuki hata mmoja, ila sauti tu. Jamaa 16 kati ya 17 za ndovu ziliondoka kabla ya sekunde 80 kwisha. Habari hiyo ilitoka mwaka 2007.

Mtu atauliza: mnyama mwenye ngozi nene vile aogopa nini kwa mdudu? Ngozi ni nene, lakini pembeni mwa macho na ndani ya mkonga ni laini, na hapo ndipo nyuki wachomapo.

Faida kwa mkulima ilionekana punde. Mizinga ilitundikwa kandokando ya mashamba, mmoja kila baada ya mita kumi, ikaunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga yote hutikisika na nyuki hutoka. Katika majaribio ya miaka miwili yaliyofanywa kaskazini mwa Kenya, ndovu walijaribu mara 14 kupita katika nyua za namna hiyo. Mara 13 walishindwa wakageuka. Na mwenye shamba, juu ya kuvuna mahindi yake, alipata na asali ya kuuza. Hakuna bunduki iliyolia, wala ndovu aliyekufa.

NDOVU WANA MAJINA

Jambo la tatu limetoka katika nchi hiyo hiyo, nalo ni geni zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 2024 ilitangazwa kwamba yaelekea ndovu huitana kwa majina.

Ndovu huzungumza kwa ngurumo nzito, ambayo sehemu yake ni ya chini mno hata sikio la mwanadamu haliisikii. Bwana Michael Pardo na wenzake walichukua ngurumo 469 zilizonaswa Amboseli, Samburu na Buffalo Springs, wakazitia katika kompyuta ili ione kama katika ngurumo kuna alama ya yule aitwaye. Kompyuta ilimtaja sawasawa aliyeitwa mara 27 au 28 katika kila 100. Msomaji asidharau hesabu hiyo, maana kwa kubahatisha isingalipata zaidi ya mara 8. Kisha wakawasikilizisha ndovu 17 sauti za jamaa zao. Ndovu aliposikia mwito uliokuwa wake mwenyewe, aliitika na kukaribia upesi zaidi kuliko aliposikia mwito wa mwingine, ijapokuwa sauti ilikuwa ya mtu yule yule wa jamaa yake.

Wako wanyama wengine waitanao, kama pomboo, lakini wao huiga sauti ya yule wanayemwita. Ndovu haonekani kuiga. Majina yao huenda yakawa kama ya wanadamu, neno tu lililokubaliwa kuwa ni la fulani. Mchungaji wa Isiolo, ambaye kila ng'ombe wake ana jina na huja akiitwa, hatastaajabu sana.

NUNDU YA NGAMIA NA NCHI YA THELUJI

Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba ngamia huweka maji katika nundu yake. Hilo si kweli. Nundu ni mafuta matupu, akiba ya siku za njaa. Ngamia akikosa malisho, nundu hunywea na kulala upande. Mchungaji yeyote aliyechinja ngamia angaliweza kusema hivyo, lakini kosa hilo limedumu vitabuni mpaka leo.

Siri ya ngamia ni nyingine. Anapokosa maji hauzuii mwili wake usipate joto, bali huuacha. Alfajiri joto la mwili wake huwa digrii 34 hivi, na alasiri hupanda mpaka 40 au kupita. Mwanadamu mwenye joto kama hilo huchukuliwa hospitali. Ngamia huendelea na safari, akingoja usiku umpoze, na hivyo hatokwi na jasho jingi. Wanyama wengi hufa wakisha kupoteza sehemu ya saba au ya nane ya uzito wao kwa kiu, lakini ngamia huweza kupoteza robo nzima akaishi. Akifika kisimani hunywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Mnyama mwingine akinywa maji mengi kwa haraka hivyo, chembe za damu yake zingepasuka. Chembe nyekundu za mwanadamu ni za mviringo kama sarafu. Za ngamia zina umbo la yai, nazo huweza kuvimba sana bila kupasuka.

Lakini lililo geni kuliko yote ni asili yake. Ngamia hakutoka jangwani. Wazee wake wa kale kabisa waliishi Marekani ya Kaskazini, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipande vya mfupa wa mguu wa ngamia vilikuwa vimepatikana katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, vyenye umri wa miaka milioni tatu na nusu. Zamani hizo nchi hiyo ilikuwa na misitu, lakini majira ya baridi yalikuwa marefu, yenye theluji na giza la miezi mingi. Wataalamu wadhani kwamba nyayo pana zifaazo mchangani leo zilifaa kwanza juu ya theluji, na nundu ya mafuta ilikuwa akiba ya miezi ile ambayo majani hayakuota. Basi mnyama anayehesabiwa kuwa mwenyeji wa Merti na Garba Tula ni mgeni aliyekuja kwa njia ya mbali.

Maziwa yake pia yana jambo. Yana vitamini C zaidi ya maziwa ya ng'ombe, nayo ni neema kubwa mahali pasipo na machungwa wala mboga. Kutoka Isiolo maziwa hayo husafirishwa kwa basi mpaka Eastleigh katika Nairobi, na biashara hiyo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanawake. Kabla ya kutia maziwa, hufukiza vyombo kwa moshi wa miti waliyoichagua. Mtu wa mjini huona kwamba hiyo ni kwa ajili ya ladha tu. Lakini wapimaji wameona kwamba moshi huo hupunguza vijidudu viharibuvyo maziwa. Bibi zao hawakupata kuona kijidudu kwa darubini, lakini walijua ni chombo gani kilichochachisha maziwa na kipi kilichoyahifadhi.

GUNDI YA BAHASHA

Karani alambaye bahasha au stempu huenda hajui kwamba gundi iliyotumika sana kwa kazi hiyo zamani yatoka katika mti wa miiba. Mti huo ni kikwata, nao huota kwa wingi katika Isiolo na nchi za jirani. Gome lake likipasuliwa au kujeruhiwa, hutoa utomvu ukaukao kama tone la kioo. Utomvu huo hutumika pia katika rangi za wachoraji, katika peremende, na katika soda, ambamo huzuia mafuta ya kutia ladha yasijitenge na maji. Sudani ndiyo iuzayo nyingi kuliko nchi nyingine. Mwaka 1997 Marekani ilipopiga marufuku biashara na Sudani, gundi hiyo iliachiliwa iendelee kununuliwa. Serikali kubwa ilikataa karibu kila kitu cha Sudani, lakini haikuweza kuukataa utomvu wa mti wa miiba.

Pamoja na gundi hiyo, nchi ya Isiolo hutoa ubani na manemane, bidhaa ambazo Malkia Hatshepsut wa Misri alipeleka merikebu kuzitafuta katika nchi ya Punt, miaka 3,400 na zaidi iliyopita. Na hekima ya miti hii ni kwamba hutoa utomvu wakati wa kiangazi, wakati ule ule ambapo ng'ombe hukauka maziwa na mchungaji hana cha kuuza. Mwenye kuikata kwa ajili ya makaa hupata fedha mara moja. Mwenye kuitunza hupata kidogo kidogo kila kiangazi. Haba na haba hujaza kibaba.

PUNDA MILIA NA RAIS WA UFARANSA

Punda milia wa Isiolo si wale wa Nairobi na Mara. Ni mrefu zaidi, masikio yake ni mapana ya mviringo, mistari yake ni myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, na tumbo lake ni jeupe. Katika vitabu vya dunia huitwa punda milia wa Grévy. Msomaji atadhani Grévy alikuwa mwindaji aliyefika huku. La. Jules Grévy alikuwa Rais wa Ufaransa, na Menelik wa Shewa, aliyekuja kuwa Mfalme Mkuu wa Ethiopia, alimpelekea mnyama mmoja kuwa zawadi. Mwaka 1882 mtaalamu wa Paris akamtazama, akaona kuwa ni wa aina ya peke yake, akampa jina la Rais. Waborana, Wasamburu na Waturkana, waliokuwa na majina yao ya mnyama huyo tangu zamani, hawakuwa na habari.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 punda milia hawa walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Wengi waliuawa kwa ajili ya ngozi, na wengine walishindwa kwa kukosa malisho na maji. Mwezi wa Januari mwaka 2016 ilifanyika hesabu ya namna mpya. Mamia ya watu, wakiwamo wananchi wa kawaida na wanafunzi, walizunguka nchi kwa siku mbili wakimpiga picha kila punda milia wa aina hiyo, upande wa kulia tu. Picha zilipita 40,000. Kila mtu aliyepata kutia kidole gumba katika wino ajua kwamba alama ya kidole haifanani na ya mwingine. Mistari ya punda milia ni vivyo hivyo. Kompyuta ikalinganisha picha, ikatenga waliopigwa mara mbili, na hesabu ikawa 2,350 katika Kenya nzima. Waliohesabu hawakuwa wataalamu wote, lakini hesabu yao ilikubaliwa.

ZIWA LILILOKUWA KINAMASI

Haifai msomaji kudhani kwamba kila lisemwalo na watu ni kweli kwa sababu limesemwa na wenyeji. Katika safari yao ya miaka ya 1892 na 1893, Mmarekani William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel wa jeshi la wanamaji la Austria waliufuata mto Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki, kwa kuwa walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian. Walipofika walikuta kinamasi cha mafunjo na matope, wakarudi kwa masikitiko.

Lakini je, waliowapa habari walisema uwongo? Lorian haina ukubwa mmoja. Katika miaka ya mvua nyingi maji hutapakaa, hata yakapita na kuifuata njia ya Lagh Dera kuelekea Somalia. Katika miaka ya kiangazi mto hauifikii kabisa. Mtu aliyeiona mwaka wa mafuriko na mtu aliyeiona mwaka wa ukame wote wawili husema kweli, ila kila mmoja asema kweli ya mwaka wake. Kwa hiyo maarifa ya mdomo, yasipoandikwa pamoja na tarehe na mahali, hugeuka kuwa hadithi.

Na mto wenyewe una jambo ambalo mkulima hana budi kulijua. Ewaso Ng'iro hauzaliwi Isiolo. Maji yake hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita mashamba ya watu wengi kabla ya kuwafikia wachungaji. Maji yanayochukuliwa huko juu wakati wa kiangazi ni mengi, na katika miaka mibaya mchanga huonekana mahali ambapo wazee walivuka wakiwa wamekunja nguo. Mkulima wa juu afunguaye mfereji wake usiku hamwoni mwanamke wa chini achimbaye mchangani kutafuta ndoo moja. Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilifungua njia ya kuwapo vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo wa juu na wa chini hukaa pamoja na kugawana kwa zamu. Mahali ambapo zamu huheshimiwa, ugomvi hupungua. Ikivunjwa, hakuna kitabu kitakachourudisha mto.

LA KUFANYA

Mwenye kuyasoma haya yote ataona kwamba yana mzizi mmoja. Habari ya ndege wa asali ilikuwa kinywani mwa Waborana, na ya nyuki na ndovu ilikuwa kinywani mwa wachungaji. Habari ya nundu aliijua mchinjaji, na ya moshi waliijua akina mama. Wachungaji hawakukosa maarifa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza kwa adabu, kupima, na kuandika. Hussein Isack alipofanya hivyo, alichosema mzee wa porini kilisomwa London na Marekani.

Lakini wakati si mwingi. Vijana wamekwenda shule, nalo ni jema. Lakini kijana arudiye likizo akiwa ameweza kutaja mito ya Ulaya, wala asijue mluzi wa kumwita ndege, amepata upande mmoja wa elimu akapoteza wa pili. Mzee akifa, mengi aliyoyajua huzikwa naye, maana hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo inafaa kila mtu ajuaye kusoma na kuandika awe na daftari moja dogo, la bei nafuu, wala si la ofisi. Akikaa na mzee, amwulize jambo moja tu: mti huu wafaa nini, mvua ya mwaka fulani ilifika wapi, mnyama huyu alionekana lini mara ya mwisho. Aandike jibu kama lilivyosemwa, pamoja na jina la mahali, mwezi na mwaka. Akisikia neno lisilopatana na la kitabu, asikidharau kitabu wala asimdharau mzee, bali ayaandike yote mawili, kisha aende akatazame kwa macho yake. Kuuliza si ujinga. Na kwa walio wengi, kazi hiyo yaweza kuanza jioni hii hii, nyumbani kwao wenyewe.